Kitanda Hakitoki

Pale kijijini, mtu akija kwako asubuhi akasema "naomba kitanda," hakuna aliyedhani amechoka anataka kulala. Kulala watu walilala chini, juu ya ngozi au mkeka, na hawakuona aibu. Wengine walikuwa na vichanja vya miti vilivyochimbiwa sakafuni, ambavyo huwezi kuvihamisha mpaka ubomoe nyumba. Neno lenyewe lilikuwa na kazi nyingi kuliko usingizi. "Yuko kitandani" maana yake anaumwa sana, hata kama amelazwa juu ya gunia. "Kitanda kimepita" maana yake kuna mgonjwa anapelekwa barabarani akatafutiwe gari. "Kitanda kimerudi," hapo watu waliacha majembe wakasubiri kuambiwa kimerudi na nani. Wanawake walianikia mahindi juu yake, watoto walikifanya lori la kwenda Zambia, na siku ya msiba kilitolewa uani kikaoshwa kwa maji ya moto. Kazi zote hizo zilifanywa na kitanda kimoja tu, na kilikuwa cha Budeba.

Budeba alikinunua Ipogolo, pale chini ya mji wa Iringa, mwaka alioteremka na ng'ombe wake kutoka kaskazini kutafuta malisho ya Usangu. Kilitengenezwa na fundi mmoja Mhehe aitwaye Kalinga. Kilikuwa kidogo, cha mbao za mninga, kimewambwa kwa kamba ya katani, na chepesi kiasi kwamba mtu mzima mmoja angeweza kukiweka kichwani akatembea nacho. Budeba mwenyewe alikuwa na urefu wa kupita kiasi, na watani wake Wanyakyusa hawakuchoka kumuuliza miguu yake huwa anailaza kwa jirani gani.

Kijiji chenyewe kilikuwa kipya. Operesheni ya serikali ya vijiji ilikuwa imewakusanya watu mwaka ule wa nyuma na kuwapanga kwenye mistari: Wasangu wenyeji, Wasukuma na mifugo yao, na Wasafwa na Wanyakyusa walioshuka milimani kuufuata mpunga. Walibishana karibu juu ya kila kitu, tangu mipaka ya majaruba ya mpunga hadi namna ya kusonga ugali. Jambo moja tu hawakubishana. Mgonjwa akibebwa kitandani alitangulizwa kichwa, na maiti alitangulizwa miguu. Mtu aliyekuwa shambani, mbali asikoweza kuita akasikika, aliangalia ni upande gani umetangulia, akajua avue kofia au aendelee kulima.

Kalista, mke wa Budeba, alikuwa amezika watoto wawili kabla hawajapewa majina. Mimba ilipoingia tena na tumbo likakubali kukua, alipata salamu kutoka kwa mama yake, Leokadia, zilizoletwa na wachunga ng'ombe waliotoka kwao. Mama alisema misiba ile miwili ilitokea kwa sababu kitanda kilikuwa kinazurura. Kitanda kinachomngoja mtoto kisitoke ndani ya nyumba. Kikitoka kabla yake, yeye hatakuta mahali pa kufikia. Kalista hakuwa mtu wa kushika kila alichoambiwa, lakini mwanamke aliyezika wawili hana kiburi cha kuuliza maswali. Alimwomba mumewe akate kamba zote za zamani, akiwambe kitanda upya, na kukiingiza chumba cha ndani. Akakitandika kanga mpya. Yeye mwenyewe aliendelea kulala chini kwenye ngozi, akikitazama.

Hapo ndipo Jailos alipokuja.

Jailos alikuwa jirani wa mstari wa pili, Mnyakyusa, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Mkewe, Damari, ndiye aliyemfundisha Kalista kupandikiza mpunga, wakiwa wamesimama ndani ya maji hadi magotini, akimcheka kwamba Wasukuma wanaotesha kama wanaotafuta sindano iliyopotea. Asubuhi ile Jailos alisimama nje, kofia mkononi, hakutaka kuingia.

"Hodi, dada. Naomba kitanda. Damari ameamka vibaya. Tumbo limemjaa, hawezi kusimama. Nataka nimuwahishe barabarani."

Kalista alihisi mtoto amegeuka tumboni mwake. Budeba alikuwa malishoni tangu alfajiri, na mdogo wake, Seni, alikwenda naye. Hapakuwa na mtu wa kumjibia.

"Kaka Jailos," alisema, "kitanda hakitoki."

"Hakitoki?"

"Kinamngoja mtoto. Mama amenikataza. Nimezika wawili, kaka, unajua."

"Najua. Mimi nilichimba." Alisema hivyo bila ukali, kisha akatazama juu ya bega la Kalista, ndani, ambako mlango wa chumba ulikuwa wazi na kanga mpya inaonekana. "Lakini dada, kile kitanda hakina mtu."

"Kina mtu," Kalista alisema, akaweka mkono tumboni.

Jailos hakubishana. Aliitikia kwa kichwa kama aliyeambiwa bei asiyoiweza, akavaa kofia yake, akaondoka. Baada ya muda Kalista akasikia nyundo. Alichungulia. Jailos alikuwa anang'oa mlango wa nyumba yake.

Walimbeba Damari juu ya mlango. Kalista hakutoka kuangalia walipopita. Alijifungia ndani akakaa kwenye ngozi, mkono mmoja umeshika tendegu la kitanda, akijiambia kwamba mlango ni mpana, mlango unatosha, mlango huenda hata ukawa bora. Jioni jua likiwa bado lipo alisikia wanawake wa mstari wa pili wanapiga ukunga. Akasogea kwenye upenyo wa ukuta. Mlango ulikuwa unarudi, na miguu ndiyo iliyotangulia.

Hakuna aliyemsema. Hilo ndilo lililomtisha. Angetukanwa angejibu, angesusiwa angejua la kufanya. Badala yake wanawake walimwamkia vizuri mno, wakamwuliza habari za tumbo, wakampisha kisimani. Budeba aliporudi na kuambiwa, aliacha chakula kikapoa, kisha akasema, "Ungemtuma mtu aniite," na hakulirudia tena neno hilo. Na Jailos, baada ya matanga, alichukua mlango ule ule akaurudisha kwenye bawaba zake. Mbao hazikupatikana kirahisi siku zile. Kila asubuhi aliufungua, kila jioni akaufunga, na Kalista, ambaye njia yake ya kisimani ilipita hapo mbele, alitafuta njia nyingine ya kuzungukia nyuma ya mazizi.

Akikutana naye, Jailos aliinua kofia. "Hujambo, dada?" "Sijambo, kaka." Macho yake yalishuka hadi tumboni, yakakaa kidogo hapo, yakaondoka. Kalista alijua, kwa ujuzi wa mtu mwenye hatia, kwamba Jailos anangoja. Hakujua anangoja nini. Usingizi ulimpungukia.

Uchungu ulimwanza siku Budeba yuko Mbalizi, amepeleka madume mnadani. Bibi Ikupa, mkunga, alikuja na maji yake na kisu chake, akampandisha juu ya kitanda. Kalista alilala juu ya kamba zile mpya akafurahi, hata ndani ya maumivu. Kitanda kilimngoja mtoto, na sasa mtoto anakuja. Ahadi imetimizwa pande zote.

Jua lilipanda, likafika utosini, na mtoto hakuja. Bibi Ikupa aliingiza mkono, akapapasa, akaingiza tena. Alipoutoa, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mwanangu, huyu amekingama. Amelala hivi." Alionyesha kwa viganja vyake, kimoja kimekatisha kingine. "Mimi hapa nimefika mwisho. Ni hospitali."

"Kitanda hakitoki, bibi," Kalista alisema. "Mama alisema."

"Basi kaa nacho ufe nacho," alisema Bibi Ikupa, akatoka nje kuita wanaume.

Wengi walikuwa majarubani, mbali. Alirudi na Seni, shemeji yake Kalista, aliyekuwa amebaki na ndama. Na Fanueli, na Andendekisye, vijana wawili wa mstari wa tatu. Nyuma yao, akiinama asigonge kichwa mlangoni, aliingia Jailos.

"Yule asinibebe," Kalista alinong'ona, amemshika bibi kanga.

"Mabega ni haya manne," Bibi Ikupa alijibu. "Unataka nikuletee ya nani?"

Jailos hakumwamkia. Aliangalia kitanda, akapapasa kamba kwa kidole, akavuta moja kuona kama imekaza. Kisha akaenda upande wa kichwani. Seni na Fanueli wakashika miguuni. Wakainua, wakatoa mlangoni, wakaweka mifumbati ya kitanda mabegani. Kichwa kikatangulia.

Kubebwa hivyo unaona ulikotoka tu. Kalista aliwaona Seni na Fanueli, nyuso zao zinatoka jasho juu ya miguu yake, na nyuma yao kijiji kinazidi kuwa kidogo. Wale wa mbele hakuwaona. Lakini alisikia pumzi ya Jailos, nzito, iliyo sawasawa, karibu kabisa na sikio lake. Uchungu ulipokuja alipiga kelele. Ulipoondoka, pumzi ile ilikuwa bado ipo. Aliogopa. Aliogopa kuliko alivyoogopa kufa. Mtu huyu anaweza kujikwaa, na nani atasema amekusudia? Anaweza kuchoka, akaomba wapumzike, na wakapumzika mpaka wakachelewa. Wala hahitaji kufanya lolote; kutembea polepole tu kunatosha.

Lakini hakutembea polepole. Vijana ndio walioomba kupumzika, na yeye akasema, "Bado."

Bibi Ikupa alifuata pembeni akimpepea kwa majani. Mashamba yalipita. Mahali fulani mtu aliyekuwa analima alisimama, akaangalia upande uliotangulia, akainama tena kulima, na Kalista akamshukuru mtu huyo moyoni kwa machozi.

Kabla ya barabara kuu kulikuwa na korongo. Ng'ambo ya pili lilipanda taratibu, lakini upande wa kijijini lilikatika ghafla, udongo mwekundu, mteremko ambao hata mbuzi hufikiri kwanza. Malori ya Zambia yalisikika yakinguruma ng'ambo, karibu hivyo. Wakasimama ukingoni.

"Tugeuze," Andendekisye alisema akihema. "Kama siku ile."

Kalista alisikia. Alijaribu kuinuka, akashindwa, akazishika kamba za pembeni kwa mikono miwili.

"Msinigeuze! Mimi mzima! Seni, shemeji yangu, waambie, mimi bado mzima!"

"Shemeji, ni mteremko tu," Seni alisema, uso umemlegea kwa woga. "Kichwa kikienda chini utaporomoka kabisa, gete. Ng'ambo tunageuza tena."

"Msinigeuze!"

"Hatugeuzi," alisema Jailos.

Ilikuwa mara ya pili tu kumsikia sauti tangu watoke. Wakashusha kitanda chini ukingoni. Jailos alizunguka akachuchumaa mahali ambapo Kalista angemwona. Alikuwa amezeeka. Alifuta jasho kwa kofia, akasema naye taratibu, kama anayemweleza mtu njia.

"Hapa ndipo tulipomgeuza Damari. Alikuwa mzima, dada. Alikuwa anazungumza. Ameniambia nisisahau kuku. Tumefika hapa, mlango unateleza. Tulikuwa tumemfunga kamba, lakini mlango ni ubao, hauna pa kumshika mtu. Kila tukiinamisha, anateremka, kamba inamkata. Basi tukasema tumgeuze, miguu itangulie, tukifika chini tumrudishe. Tumemgeuza. Ameangalia miguu yake. Ameniangalia mimi." Jailos aliangalia chini, korongoni. "Alidhani tumeshamkatia tamaa. Nimemwambia, Damari, ni mteremko huu. Nimemwambia sana. Hakunijibu. Mpaka tunafika chini alikuwa hataki tena kuishi."

Bibi Ikupa alikuwa ametazama pembeni.

"Kwa hiyo wewe hatukugeuzi," Jailos alisema, akasimama.

Aliwapanga. Seni na Fanueli walishika nyuma kwa mikono iliyonyooshwa chini, karibu na magoti. Yeye na Andendekisye walitangulia mteremkoni, wakageuka wakatembea kinyumenyume, wakainua upande wa kichwani juu, juu ya vichwa vyao, mikono imenyooka. Hata hivyo kitanda kiliinama, maana mteremko ulikuwa mkali kuliko urefu wa mikono ya mtu. Damu ilimjaa Kalista kichwani. Alifumba macho akangoja kuporomoka.

Hakuporomoka. Kamba zililegea chini ya nyonga zake, zikamzamisha, zikamkumbatia. Katikati ya kitanda palikuwa na shimo la mwili wake, lililotengenezwa na uzito wake mwenyewe, naye alikaa ndani yake. Hata bila kushika chochote asingekwenda kokote. Alifumbua macho. Uso wa Jailos ulikuwa juu chini, karibu na wake, mishipa ya shingo imesimama, udongo unammomonyokea chini ya visigino.

"Unaona?" alisema. Hakuwa na hasira hata kidogo, na Kalista angetoa ng'ombe wote wa Budeba ili awe nayo. "Unaona, dada? Kinashika."

Aliona. Angetamani asione, lakini aliona, na aliendelea kuona njia yote ya kushuka, kamba kwa kamba, mpaka miguu ya Jailos ilipokanyaga mchanga chini.

Lori la mbao liliwachukua. Hospitalini walimpasua, wakamtoa mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Budeba alifika kutoka Mbalizi na bei ya madume bado iko kwenye kifundo cha shati, akalia mbele ya wauguzi bila kujali. Wanaume walikuwa wamekirudisha kitanda kijijini siku ile ile, na Kalista aliporudi, jeraha limeshikana, alikikuta chumba cha ndani, kimeoshwa, kanga imetandikwa.

Hakuweza kukilalia. Alijaribu mara moja. Mara kamba zilipomzamisha alishtuka akainuka. Alilala na mtoto kwenye ngozi, na Budeba, ambaye hakuelewa, alirudi kulaza miguu yake nje ya mbao. Mtoto alinyonya akanenepa. Watu walikuja kumtazama, wakasema amefanana na baba, Mungu amsaidie asirefuke hivyo. Jailos hakuja.

Siku moja mchana Kalista alimfunga mtoto mgongoni, akamwambia Seni ashike upande mmoja wa kitanda, yeye akashika mwingine, wakakipeleka mstari wa pili kwa njia ya mbele. Jailos alikuwa ndani. Alitoka akasimama mlangoni.

"Kaka," Kalista alisema. Maneno aliyokuwa ameyapanga yalimtoroka yote. "Nimekuletea kitanda. Kiwe chako."

Jailos alikiangalia. Alimwangalia mtoto pia, kwa muda, na uso wake ukalainika kidogo.

"Ndaga, dada, asante," alisema. "Lakini cha nini? Mimi wa kumlaza sina."

"Kikae tu kwako."

"Hapana. Rudini nacho. Mwenye shida atakuja, na atakuja kwako, maana wote wanajua ni kwako. Akija, mpe."

Kisha akasema kwaheri kwa adabu, akarudi ndani, akavuta mlango. Kalista alikuwa hajausogelea tangu siku ile ya nyundo. Sasa ulijifunga taratibu mbele ya macho yake, na kwenye kingo zake, kulia na kushoto, kuanzia usawa wa kifua hadi usawa wa magoti, aliona mahali ambapo kamba ilikuwa imekula ubao. Palikuwa pamechubuka sana, kwa sababu kitu kizito kilikuwa kimevutika kwenda chini mara nyingi. Seni alimwuliza waende au wangoje. Kalista aliinua upande wake wa kitanda.